Kisu Nilichomfulia Mkwe Wangu Mwanajeshi

Kutoka Dunga mpaka Port Victoria, ukimwona mama anapasua mbuta na kisu kinapita tumboni mwa samaki kama kinapita majini, muulize kimetoka wapi. Atakwambia kimetoka Kibuye, kwa yule fundi wa kibanda cha mabati ya kijani. Huyo ni mimi. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa sababu ni kweli, na anayebisha alete kisu chake tukate karatasi hewani tuone cha nani kitaaibika.

Shule niliacha darasa la tano. Mwalimu alinifuata mpaka nyumbani kunirudisha, akanikuta nimeshika nyundo ya kuazima nanyoosha jembe la jirani. Akasimama, akatazama, akarudi peke yake. Leo nina vaisi tatu za kubania chuma, grainda mbili, fuawe niliyoikata mwenyewe kutoka kipande cha reli, na nyumba ya mawe ambayo hakuna mtu aliyenisaidia hata kubeba kokoto. Kusoma kwangu ni kusoma chuma. Nikikigonga kwa ukucha nikisikie kinavyolia, najua kama ni chuma laini cha dirisha au ni chuma cha pua chenye roho ngumu.

Visu nilivyotengeneza havihesabiki. Lakini ninachotaka kuandika hapa ni kimoja tu, kile cha mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu wa kwanza. Ni mwanajeshi. Ni mrefu kiasi kwamba akiingia kwangu anainama mlangoni, na mlango wangu si mfupi, niliupima mwenyewe.

Kwanza lazima nieleze jambo la ukwe, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwetu sisi Wajaluo, mkwe ni mtu wa heshima nzito, na heshima hiyo inaenda pande zote mbili. Yeye halali chini ya paa langu. Hacheki kwa sauti nikiwa karibu. Hawezi kuniambia kitu changu ni kibaya hata kama kinanuka. Na mimi siwezi kumkemea, siwezi hata kumuuliza kwa nini ameacha ugali kwenye sahani. Tukikutana tunasalimiana kama watu wawili waliobeba trei za mayai.

Sasa huyu mkwe alikuja likizo ya siku nane. Binti yangu, ambaye wamepanga nyumba naye Nyalenda, akanipigia simu Jumapili mchana.

"Baba, mume wangu anaenda mpakani wiki ijayo. Kule kwa joto na miiba. Atakaa miezi mingi."

"Mungu amtangulie, mama," nikamwambia. Binti yangu namwita mama, nilimpa jina la mama yangu.

"Anataka kununua kisu. Si cha kukunja, kile cha kusimama, cha kazi. Wakubwa wake wanaruhusu kila mtu abebe chake. Chake cha zamani kilivunjika kikiwa kazini, akabaki ameshika mpini tu, na alikuwa mbali na gari. Hiyo siku hataki irudi. Anasema wewe ndiye unajua chuma. Umsaidie kuchagua."

Nakwambia moyo wangu uliruka! Mtu wa serikali, aliyefundishwa na wakubwa wenye nyota mabegani, anataka mimi wa darasa la tano nimchagulie kisu. Siku hiyo nilikula samaki wawili. Mke wangu akaniuliza kama kuna habari njema, nikamwambia, "Jeshi limeniita."

Jumatatu asubuhi tukaenda mjini, mimi na mkwe, kwenye duka linalouza mahema, tochi, mabuti na vitu vya kuvulia samaki. Nilivaa koti. Mwenye duka ni mtu wa kutoka upande wa Nyeri, mchangamfu, mdomo wake haupumziki. Akatandaza visu juu ya kioo.

"Mzee, anza na hii. Hii ni ya komando kabisa. Ona huku nyuma ya mpini, kuna dira. Ukipotea porini inakuonyesha kaskazini."

Nikaishika. Ule mwisho wenye dira nikauzungusha ukafunguka kama kifuniko cha soda, na ndani ya mpini mkatoka viberiti, ndoano mbili na sindano.

"Bwana," nikamwambia, "hiki ni kisu ama ni kioski?"

"Hiyo ni ya kukusaidia ukiwa na shida, Mzee!"

"Shida ndiyo hii nimeshika. Mpini ni mtupu. Hapa ndani chuma kimeishia wapi? Kimeishia hapa shingoni, kimeshikwa na bolti ndogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kijana atakipiga kwa mti mara tatu, ya nne bapa litaenda na mti, yeye atabaki na dira. Atajua kaskazini iko wapi, lakini atakata na nini?"

Watu wawili waliokuwa wanajaribu mabuti wakacheka. Mwenye duka naye akacheka, huyo hakasiriki. Akaleta cha pili, cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni. Nikamwonyesha mkwe: meno haya ni ya kutisha watoto, hayakati ubao, na kila pengo la jino ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Weka kando.

Cha tatu kilikuwa kinene, rangi ya majivu, mpini wa mpira mgumu. Mkwe wangu akakichukua mwenyewe. Akakipima mkononi. Akakirudisha kwenye kioo, halafu akakichukua tena. Nilimwona. Lakini mimi hapo nilikuwa nimepanda moto, watu wananisikiliza, na nikakikuta na kosa hicho nacho.

"Mgongo mnene namna hii ni wa nini? Hiki ni kisu ama ni shoka limekonda? Tena hakikati, ona." Nikakipitisha kwenye nywele za mkono, hakikunyoa hata moja. "Mkwe, weka hiyo chini. Kisu chako nitakifua mimi mwenyewe."

Mkwe akakiweka chini. "Asante sana, Baba," akasema.

Asante niliisikia vizuri. Kile kimya kilichokuja kabla ya asante sikukisikia.

Jumanne na Jumatano sikupokea kazi nyingine. Nilichukua tupa kubwa la zamani, lile la kunolea misumeno, maana chuma cha tupa ndicho kigumu kuliko vyote na ndicho kilichonipa jina ziwani. Nikalilainisha motoni, nikalifua, nikalichonga, nikalitia moto tena mpaka likawa jekundu kama nyanya, nikalizima kwenye maji. Gumu! Msasa ulikuwa unateleza juu yake. Nikaking'arisha mpaka nikaona meno yangu. Bapa jembamba, ncha kama mwiba wa samaki ngege. Nikanyoa nacho mkono mzima, na jirani yangu anayetengeneza majiko akaja akanyoa wake, tukabaki wawili na mikono kama ya watoto.

Jioni nikampelekea mkwe Nyalenda. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama huku na huku, akainamisha kichwa.

"Ni kizuri sana, Baba. Sijawahi kuona kisu kinang'aa hivi."

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Alhamisi kabla ya saa tatu Kibuye yote ilikuwa inajua kwamba natengeneza silaha za jeshi.

Ndipo akaja mteja wangu mmoja wa Dunga, mama mnene mwenye sauti ya kuita mashua iliyo mbali. Ana kisu changu miaka minne. Akakirusha mezani.

"Fundi, tazama mtoto wako! Amevunjika pua!"

Kweli, ncha ilikuwa imekatika, kipande cha urefu wa kidole kimekosekana.

"Ulikuwa unafanya nini nacho?"

"Nilikuwa natenganisha samaki. Mbuta walikuwa wamegandana kwa barafu, nikachomeka katikati nikasukuma hivi, kikalia ta!"

Nikamjia juu. "Mama, kisu cha samaki si mtaimbo! Kisu hicho ni kigumu ili kishike makali. Kigumu hakipindi. Usipokipa nafasi ya kupinda kinavunjika. Kupasua ni kupasua, kubandua ni kubandua. Ungetaka cha kubandua ungeniambia nikufulie cha kubandua!"

"Kwani nitabeba visu vingapi? Mimi ni duka? Kisu ni kisu! Nikiwa na kimoja mkononi, hicho ndicho kitafanya kila kazi!"

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu. Hapo akilini nikamwona mkwe wangu mahali pa yule mama, amepiga magoti kwenye mchanga mbali na gari, amechomeka kisu changu kwenye kifuniko cha sanduku la mbao na anasukuma. Ta. Chuma kilekile. Moto uleule. Mimi, fundi wa Kibuye nzima, nilikuwa nimemtengenezea mwanajeshi kisu cha kupasulia mbuta, kikubwa kidogo tu.

"Fundi, umelala?" mama akauliza.

"Nenda, nitakuchongea ncha mpya. Uje saa nane." Nikashika simu nikampigia binti yangu.

"Mama, niambie ukweli. Mume wako amekipenda kile kisu?"

"Amekisifu sana, Baba."

"Sikuuliza kama amekisifu."

Nikasikia maji yanamwagika kwenye ndoo upande wake, mtu anagombana na mwingine kwenye foleni ya bomba. Halafu akasema polepole, "Baba, unajua vile ukwe ulivyo. Alisema ni kizuri cha kuweka ukutani. Alisema siku akibandua kifuniko cha sanduku nacho atapata visu viwili. Lakini ataondoka nacho Jumapili, kwa sababu ni wewe umetengeneza."

"Ataondoka nacho?"

"Amekifunga kwenye begi tayari. Nimemwambia akanunue kile cha dukani, amekataa. Anasema siku moja utaona picha yake ameshika kisu kingine, uvunjike moyo."

Hapo nilikaa chini kwenye ndoo. Nilikuwa nimejenga jina langu miaka ishirini na kitu, na jina hilohilo sasa lingempeleka baba wa wajukuu wangu porini na kioo mkononi. Kwa heshima! Yeye ananiheshimu hivyo anabeba kisu kibovu. Mimi najiheshimu hivyo nilimpokonya kizuri dukani. Heshima mbili zikikutana hivyo, mtu anaweza kufa.

Ijumaa saa mbili asubuhi nikamwita kibandani, aje na kisu. Akaja, akainama mlangoni, akasimama. Hakutaka kukaa.

"Mkwe," nikamwambia, "kifunge hapo kwenye vaisi. Shika mpini, uvute."

Akatazama kisu, akatazama viatu vyake. "Siwezi kujaribu kazi ya Baba."

"Nakuomba."

"Kazi ya Baba haina shaka, Baba."

Niliona tutasimama hapo mpaka Krismasi. Nikakifunga mwenyewe, nusu ya bapa ndani ya vaisi, nikafunga kitambaa mkononi, nikageuza uso na nikavuta. Hata sikuvuta sana. Ta! Mpini ukabaki mkononi mwangu na kipande chake, na jirani wa majiko akaacha kugonga.

Mkwe alishtuka kama mimi ndiye nimevunjika. "Pole sana, Baba!"

"Pole ya nini? Wewe ulijua! Sasa leo mimi si baba wa mke wako. Mimi ni fundi, wewe ni mteja, na mteja wangu huwa ananitukana. Jana tu nimetukanwa na mama wa Dunga nikafaidika. Niambie unataka nini."

Jasho likamtoka. Huyu ni mtu ambaye nimeambiwa anaruka kutoka kwenye helikopta! Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Baba, nikikutazama siwezi."

"Basi usinitazame."

Na hapo, bila mimi kumwelekeza, akatoka nje, akazunguka kibanda, akasimama nyuma ya ukuta wa mabati. Nikaona tu kivuli chake kwenye matundu ya misumari. Nikangoja. Halafu mabati yakaanza kuongea.

"Baba."

"Nakusikia."

"Kule hatupigani na visu. Watu hudhani hivyo. Kisu ni cha kazi. Kukata miti ya kufungia hema. Kufungua masanduku. Kuchimba kidogo. Kukata kamba, kukata miiba iliyoshika gari, kuchinja mbuzi tukipata."

"Endelea!"

"Kile cha tatu dukani kilikuwa kizuri." Mabati yakatetemeka kidogo, nadhani alikuwa ameegemea. "Baba ulisema kimekuwa kama shoka. Nataka kiwe kama shoka. Mgongo mnene."

"Mnene kiasi gani?"

"Kama sarafu tatu za shilingi zimewekwa pamoja. Na kisichozidi shubiri moja na vidole viwili, kirefu zaidi kinasumbua kwenye gari. Na chuma kisiishie shingoni. Kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, mpini ukitoka nibaki na chuma cha kushika."

"Hilo hata mimi nililisema dukani!"

"Ndiyo, lakini kile ulichonipa kilikuwa na mkia mfupi, Baba."

Ilikuwa kweli. Mkia mfupi kama wa visu vya samaki, umechomekwa kwenye mti na gundi. Jirani wa majiko akacheka, akapiga jiko lake kwa nyundo, akasema, "Mpe, mpe!" Fundi wa baiskeli naye akaja. Kabla sijajua, kulikuwa na watu sita kwenye kibanda changu wanasikiliza ukuta.

"Na kising'ae," ukuta ukaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepata nguvu, sauti ya mtu aliyezoea kuongea na kikosi. "Kioo kile kinaonekana kutoka kilomita mbili jua likikipiga! Kiwe cheusi cheusi. Makali yasiwe ya wembe. Wembe unapasuka ukigonga mfupa. Yawe makali ninayoweza kuyarudisha mwenyewe kwa jiwe. Mpini usiteleze nikiwa na jasho, wala nikiwa na damu ya mbuzi. Na ala isipige kelele nikitembea!"

"Kingine?"

"Hakuna kingine, Baba." Halafu, chini kabisa, "Samahani, Baba."

"Samahani gani! Rudi uje unywe soda!"

Hakurudi. Aliona haya, akapitia nyuma ya kanisa akaenda zake. Lakini mimi! Sijafurahi hivyo tangu walipozaliwa watoto wangu. Wote waliokuwa pale waliniona nimesemwa na mkwe, tena kupitia ukutani, na nilikuwa nacheka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Sasa nilikuwa na kazi mkononi.

Nilikuwa na springi ya lori chini ya meza. Springi ndiyo chuma cha kazi hiyo, maana maisha yake yote ni kupinda na kurudi, mashimo ya barabara zetu yanaifundisha vizuri. Nikaikata, nikaitia motoni, blowa ya kupuliza moto ikavuma. Ilipokuwa nyekundu nikaona mstari mweusi, mwembamba kama unywele, unapita upande mmoja. Ufa. Springi iliyochoka. Ningeusugua kwa grainda usingeonekana, na mimi ndiye ningekuwa mtu pekee duniani anayejua. Niliitupa kwenye rundo la vyuma, nikafunga kibanda, nikaenda kwa wauza vyuma chakavu.

Pale nilipekua mpaka jua likawa utosini. Niligonga springi moja baada ya nyingine na nyundo ndogo nikisikiliza. Hii inalia kikohozi. Hii nayo imekufa. Mwenye vyuma akaniuliza, "Jaduong', mzee wangu, unatafuta springi ama unatafuta mke?" Nikamwambia atulie. Halafu nikaipata: jani la springi ambalo halijawahi kufungwa kwenye lori, limekatika tu lilipoanguka na kontena, bado lina rangi ya kiwandani. Nikaligonga. Likalia ting, mlio mrefu msafi, mpaka mwenye vyuma akageuka.

Mchana huo nilifua kama nina miaka ishirini. Shati nilivua. Kila nyundo ilipoanguka nilijua inaangukia wapi. Chuma kikaenda kikapungua, mgongo nikauacha mnene kama alivyosema, mkia nikauvuta upana uleule mpaka mwisho, nikautoboa matundu matatu ya misumari ya ribiti na moja la kupitisha kamba. Jumamosi asubuhi nikakitia moto wa mwisho na kukizima kwenye mafuta, si kwenye maji. Mafuta yenyewe nilipata kwa mama anayekaanga samaki karibu na ziwa, yale yaliyotumika. Kisu kilipoingia, moshi ukapanda na Kibuye nzima ikanuka ngege wa kukaanga. Watu wakaja kuuliza kama nimefungua hoteli.

Kisha ikaja sehemu ambayo siku zote kwa visu vya samaki huwa naikatisha mapema. Ukishakizima, chuma ni kigumu mno, lazima ukirudishie moto kidogo kilegee. Nilikilaza kwenye mchanga wa moto juu ya jiko na nikakaa nikitazama rangi inavyotembea kwenye mgongo. Ikaja rangi ya nyasi kavu. Hapo ndipo akina mama wa Dunga huwa wanapata visu vyao. Mkono wangu wenyewe ulitaka kukitoa, nikaukalia. Ikaja rangi ya asali. Ngoja. Ikaja ya hudhurungi, halafu mgongoni ikaanza ile ya zambarau, kama tunda la jamna linalotaka kuiva. Sasa! Nikakitoa nikakitazama kikipoa na moyo unanipiga kama wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, mtihani ambao mimi sikuwahi kuufanya.

Mpini nikautoa kwenye mti wa mpera, vipande viwili, kila upande kimoja, nikaukwaruza usiteleze na nikaufunga na ribiti za shaba. Ala nikashonewa na fundi wa viatu kwa ngozi nene. Bapa nikaliacha jeusi jinsi lilivyotoka kwenye mafuta. Si kizuri cha kuweka ukutani. Kinafanana na kitu kilichochimbwa shambani.

Saa tisa mkwe akaja, na binti yangu pamoja naye amembeba mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeweka gogo la mkaratusi, kavu, gumu. Nikampa tu, mpini mbele.

Safari hii hakuinamisha kichwa. Akapiga gogo, vipande vikaruka. Akaweka makali juu ya kuni nyingine, akapigilia mgongo kwa rungu mpaka kisu kikapita na kuni ikapasuka katikati. Akakata msumari wa inchi nne ambao nilikuwa nimeuweka mwenyewe. Makali yakapata alama ndogo, hayakupasuka. Kisha akachomeka ncha ndani ya gogo akaigeuza, mbao zikatoka, ncha ikabaki. Mwisho akafanya kitu ambacho sikutarajia. Akakichomeka kwenye ufa wa gogo mpaka nusu, mpini umetokeza pembeni, akapanda juu yake. Kilo tisini na kitu, mguu mmoja juu ya mpini wangu.

Mimi nilifumba macho. Nasema ukweli, nilifumba.

"Baba," binti yangu akaniambia, "fungua macho uone."

Kisu kilikuwa kimepinda, kidogo lakini kinaonekana, na mkwe anaruka ruka juu yake taratibu kama mtu anayejaribu kitanda dukani. Akashuka. Kisu kikarudi, kimenyooka. Jirani wa majiko alipiga kelele za goli.

Mkwe akakichomoa, akakishika, akafunga na kufungua mkono wake mara kadhaa. Akanikaribia. Alinitazama usoni, tena machoni, na nikajua kuna kitu kinakuja.

"Baba, bado."

Binti yangu akamshika mkono. Mimi nikasema, "Sema."

"Hapa, kidole cha kwanza kinapokaa. Pembe hii inakata. Leo ni kidogo. Nikikata miti siku nzima, kesho nitakuwa na kidonda, na keshokutwa nitakishika vibaya."

Nikakichukua, nikakifunga kwenye vaisi, nikashika tupa dogo la duara nikasugua ile pembe. Nikampa. Akashika.

"Bado kidogo, Baba. Huku ndani."

"Leta." Nikasugua tena, nikapitisha msasa. Nikampa.

Akakishika, akakata hewa, akakata tena. Akageuza mkono juu chini. Mtoto mgongoni mwa mama yake alikuwa amelala katikati ya kelele zote zile.

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Basi, Baba," akasema. "Naenda nacho."